Jumamosi Tengeru: makaburi ya Wapolandi na hadithi ambayo bibi hakuulizwa

Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, kwa hiyo hiace za kutoka Arusha mjini hujaa mapema. Abiria wengi wamebeba viroba vitupu na ndoo tupu, wanaenda kununua ndizi, nyanya na maharage. Mimi na wanangu wawili tulibanwa kiti cha nyuma bila kiroba wala ndoo. Konda alituuliza, “Mnashukia sokoni?” Binti yangu akamjibu kabla yangu: “Tunaenda makaburini.” Gari zima likageuka kututazama.

Safari hii ilitokana na kazi ya shule. Binti yangu yuko darasa la sita, na mwalimu aliwaambia kila mmoja aandike kurasa mbili kuhusu mahali pa historia karibu na kwao. Makumbusho ya Azimio la Arusha ameshakwenda na darasa. Boma la Wajerumani ameshaliandikia. Jirani yangu mmoja, mzee aliyekulia huku, ndiye aliyeniambia: “Mpeleke Tengeru akaone makaburi ya Wapolandi. Watoto wa mjini hawayajui.” Ukweli ni kwamba hata mimi sikuwa nimefika, na nimepita barabara ile ya Moshi mara mia.

Tengeru iko kama kilomita 13 mashariki ya Arusha mjini. Ukishuka barabarani, waulize bodaboda chuo cha mifugo. Makaburi yamo ndani ya eneo la chuo. Ni mahali pa kazi na masomo, kwa hiyo pitia getini, jieleze, uombe kuingia. Sisi tulipokelewa vizuri. Asubuhi ile Mlima Meru ulikuwa umevua mawingu, umesimama mzima na urefu wake wa zaidi ya mita 4,500, na mdogo wake binti yangu, mwenye miaka minane, akasema mlima “unatuchungulia”.

Makaburi yako karibu 150, ya saruji, mengi yana msalaba. Waliozikwa hapo wengi walikuwa Wakatoliki, lakini wamo pia Waorthodoksi na Wayahudi. Majina ni marefu, yenye herufi ambazo mwanangu alijaribu kuzitamka akashindwa. Akatembea mstari mmoja hadi mwisho, akarudi akaniuliza: “Mama, hawa wazungu walikuja kutalii wakafa?”

Nilitaka kucheka. Kisha nikaona kwamba swali ni la haki kabisa. Mtoto wa Arusha anamjua mzungu kama mtu wa Land Cruiser, kofia na kamera. Hajawahi kuambiwa kwamba kulikuwa na wakati ambapo wazungu maelfu walifika chini ya mlima huu wakiwa hawana kitu, wakiwa wakimbizi.

Tukakaa kwenye majani, nikawasimulia ninavyojua. Na wewe mzazi mwenzangu, ukienda, utaulizwa vilevile, kwa hiyo ni vizuri uwe na jibu.

Mwezi Septemba 1939 Ujerumani ya Hitler iliivamia Poland kutoka magharibi. Siku 16 baadaye, tarehe 17 Septemba, Muungano wa Kisovieti chini ya Stalin ukaivamia kutoka mashariki. Nchi ikagawanywa. Upande wa mashariki, kuanzia Februari 1940, askari walianza kugonga milango usiku. Familia zilipewa muda mfupi wa kufunga mizigo, zikapakiwa kwenye mabehewa ya kubebea mizigo na mifugo, zikapelekwa Siberia na Kazakhstan. Mamia ya maelfu ya watu walihamishwa hivyo. Huko walikata magogo kwenye theluji au walifanya kazi kwenye mashamba ya serikali, na njaa na maradhi vikawaua wengi.

Juni 1941 Hitler akamgeukia Stalin. Sovieti sasa ilihitaji marafiki, ikakubaliana na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London kwamba Wapolandi hao waachiwe na waunde jeshi. Mwaka 1942 jeshi hilo, pamoja na wanawake na watoto waliofanikiwa kulifuata, walivushwa Bahari ya Kaspi hadi Uajemi. Wanaume wakaenda vitani. Wanawake, wazee na watoto, wengi wakiwa yatima, walihitaji mahali pa kukaa mpaka vita iishe. Waingereza wakawatawanya kwenye makoloni yao. Kati ya 18,000 na 20,000 walikuja Afrika ya mashariki na kusini: Masindi na Koja kule Uganda, Ifunda, Kidugala, Kondoa na kwingineko hapa Tanganyika, na wengine Rhodesia. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa hii ya Tengeru, iliyofikia watu kama 5,000.

“Watu elfu tano, wote hapa?” binti yangu akauliza, akitazama huku na huku, maana anachokiona leo ni miti, majengo ya chuo na ng'ombe.

Wote hapa. Waliishi kwenye vibanda vya mviringo vyenye kuta nyeupe na paa za nyasi, safu kwa safu. Walipanda mboga na maua. Walijenga kanisa na mahali pa kuabudia pa Waorthodoksi na Wayahudi. Walikuwa na hospitali, shamba na karakana. Zaidi ya yote walianzisha shule, kuanzia za watoto wadogo hadi sekondari na za ufundi.

Hapo ndipo ningependa usimame nami kidogo, mzazi mwenzangu. Kambi hii ilikuwa ya akina mama. Wanaume wenye nguvu walikuwa jeshini, au walikuwa wameshakufa. Aliyefundisha, aliyeuguza, aliyeshona na aliyelea yatima wa mwenzake, kwa sehemu kubwa alikuwa mwanamke, na mara nyingi mwanamke ambaye miaka miwili kabla alimzika mtoto wake mwenyewe njiani. Hawakujua wataondoka lini. Wangeweza kusema, “Tuko ugenini, tusubiri kwanza.” Badala yake waliwakalisha watoto chini wakawafundisha kusoma na kuandika lugha yao, historia yao na nyimbo zao, ili siku ya kurudi nyumbani ikifika watoto wasiwe wageni kwao.

Siku hiyo haikufika. Vita iliisha mwaka 1945, na mpaka wa Poland ukasogezwa. Vijiji walivyotolewa wengi wao vikabaki ndani ya Muungano wa Kisovieti, na Poland iliyobaki ikawa chini ya serikali iliyosimamishwa na Moscow. Kurudi kulikuwa ni kurudi mikononi mwa waliowapeleka Siberia. Wachache walirudi. Wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia. Mwaka 1949 kundi la yatima zaidi ya 100 kutoka Tengeru lilipelekwa Kanada na padri mmoja Mfransisko, Lucjan Królikowski, na serikali ya Poland ya wakati ule ikalalamika kwamba watoto wake wametekwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ikafungwa. Wachache sana walibaki Tanganyika. Wa mwisho wao hapa Tengeru alifariki mwaka 2015 akiwa mzee sana, akazikwa hapahapa.

“Sasa waliorudi kwao ilikuwaje?” binti yangu akauliza, kalamu mkononi.

Nikamwambia waliorudi walinyamaza. Katika Poland ile hukuweza kusimama hadharani ukasema kwamba Wasovieti walikupeleka Siberia, sembuse kukiandikia kitabu. Mama aliyekuwa Tengeru aliweza kuwasimulia watoto wake kuhusu Afrika, kuhusu mlima na ndizi, lakini sehemu ya kwanza ya safari aliimeza. Walioanza kuandika mapema ni wale waliokuwa London, Toronto na Melbourne. Wengi wao ni wanawake waliokuwa wasichana wadogo Tengeru, na wameandika uzeeni, wajukuu walipoanza kuuliza.

Ili aelewe kunyamazishwa kunafananaje, nilimpa mfano wa mwanamke mmoja wa nchi nyingine iliyopitia mkono uleule. Jirani ya Urusi, kando ya Bahari ya Baltiki, kuna nchi ndogo inaitwa Estonia. Watu wake wote ni kama milioni 1.3, pungufu kuliko watu wa Mkoa wetu wa Arusha. Sovieti iliitwaa mwaka 1940. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 1941 watu kama 10,000 walichukuliwa majumbani kwao wakapelekwa Siberia, na Machi 1949 wakachukuliwa wengine zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake na watoto.

Katika nchi hiyo alikuwapo mshairi anaitwa Betti Alver, aliyezaliwa mwaka 1906 katika mji wa Jõgeva. Kabla ya vita alikuwa na jina. Alitoa riwaya akiwa kijana wa miaka 20 hivi, na mwaka 1936 akatoa kitabu cha mashairi kilichomweka mbele katika kizazi chake. Mwaka uliofuata aliolewa na mshairi mwenzake, Heiti Talvik. Mwaka 1945 Talvik alikamatwa, na mwaka 1947 akafa Siberia. Mwaka 1950 Alver mwenyewe alifukuzwa kwenye chama cha waandishi. Kwa mwandishi wa nchi ile, kufukuzwa huko kulikuwa kama fundi kunyang'anywa vifaa vyote. Huchapishwi, na jina lako halitajwi.

Alifanya nini? Alitafsiri. Alichukua kazi za watu wengine akaziweka katika Kiestonia, na tafsiri yake ya shairi refu la Pushkin, Eugene Onegin, inaheshimiwa hadi leo. Fikiria jambo hilo: mjane ambaye utawala ulimuua mumewe anakaa mezani miaka na miaka akiitafutia lugha ya mama yake maneno mazuri kutoka lugha ya watawala. Kitabu chake kipya cha mashairi kilitoka mwaka 1966, miaka 30 baada ya kile cha 1936. Alifariki mwaka 1989 huko Tartu, na miaka miwili baadaye Estonia ikawa huru tena.

Binti yangu alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, “Kwa hiyo huyo alikatazwa. Na wale wa hapa walisubiri kuulizwa.” Nikamwambia aandike sentensi hiyo kama alivyoisema.

Tulitoka makaburini saa sita. Karibu na hapo kuna Ziwa Duluti, ziwa dogo ndani ya kreta iliyozungukwa na msitu, na kama una watoto ni mahali pazuri pa kula chakula mlichofunga nyumbani. Tulikula chapati na mayai ya kuchemsha chini ya mti, wakahesabu ndege. Hapo ndipo mwanangu mdogo aliponiuliza swali lililobadilisha siku yetu: “Na sisi, kuna mtu wetu alishawahi kufukuzwa kwao?”

Yupo. Na sikuwa na la kumsimulia zaidi ya sentensi mbili.

Mama mkwe wangu ni Mmeru, anaishi King'ori. Nilijua tu kwamba hakuzaliwa King'ori, alizaliwa Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru, na kwamba familia yao “iliondolewa na Waingereza”. Miaka 14 nimekuwa mkwe katika nyumba ile. Nimekula kwake na kujifungulia mikononi mwake, na sijawahi kumuuliza iliondolewaje.

Historia ya jumla iko vitabuni. Serikali ya kikoloni iliamua kuchukua ardhi ya Engare Nanyuki ili iwe ranchi za walowezi wa kizungu. Novemba 1951 askari walifika, watu kama 3,000 wakatolewa, nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa. Wengi walipelekwa King'ori, bondeni. Wameru hawakukaa kimya. Walichanga fedha, na mwaka 1952 mwenzao Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa New York kueleza kesi yao. Kura haikufikia theluthi mbili, lakini dunia ilisikia, na wengi huiona kesi hiyo kuwa miongoni mwa mbegu za uhuru wetu. Mwaka 1967 Kirilo Japhet na mwanasheria Earle Seaton walitoa kitabu kuhusu kesi hiyo.

Hebu ona tarehe hizo. Kambi ya Tengeru ilikuwa haijafungwa vizuri wakati Engare Nanyuki inachomwa. Mlima uleule mmoja, upande huu watu waliofukuzwa na Stalin wamepewa pa kuishi, na upande ule, chini ya serikali ileile iliyowapokea, wenyeji wanafukuzwa kwao. Kitabu cha kesi kiliandikwa na wanaume, kuhusu mikutano, hati na safari ya New York, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini yule mama aliyebeba mtoto mgongoni akishuka kwenda King'ori, nani aliandika alichokibeba mkono wa pili?

Badala ya kurudi mjini tulivuka barabara, tukapanda gari la kwenda mbele.

Mama alikuwa anachambua maharage barazani. “Shikamoo Mama.” “Marahaba, mwanangu. Mbona hamkusema mnakuja?” Wajukuu wakamwamkia, akawabariki. Tulipokwisha kunywa chai, binti yangu akatoa daftari akamwambia tulikotoka.

“Wapolandi,” Mama akasema, akatikisa kichwa. “Wazazi wetu walikuwa wanawataja. Walikuwa watu wa shida, wale.”

“Bibi, na nyinyi mlivyotolewa Engare Nanyuki, ilikuwaje?”

Akaendelea kuchambua maharage. “Hayo ya zamani, mjukuu wangu. Ya nini tena?”

Nilitaka kuingilia kati, kumtetea Mama asisumbuliwe. Nashukuru nilinyamaza. Mtoto akabadilisha swali: “Mama yako alibeba nini?”

Mikono ya Mama ikasimama. Akasema, “Kibuyu.” Kisha akaanza kuzungumza, na kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kinamchelewesha akahamia Kimeru, nami sikijui vizuri, nikawasha simu kurekodi baada ya kumwomba ruhusa.

Alikuwa na miaka kama saba. Mama yake alimbeba mdogo wao mgongoni, na mkononi kibuyu cha maziwa alichokuwa amepewa na mama yake mzazi. Kuku waliachwa. Kulikuwa na ng'ombe mmoja aliyempenda, na hajui aliishia wapi. Walipofika King'ori palikuwa na joto na mbu, tofauti na kwao kwenye baridi. Mdogo wao hakumaliza mwaka. Hili la mdogo wake mume wangu mwenyewe hakuwa analijua. Nilipompigia jioni kumweleza, alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

Mzazi mwenzangu, hakuna serikali iliyomkataza Mama kusema. Hakufukuzwa kwenye chama chochote. Alikaa na habari hizi zaidi ya miaka 70, barazani kwake, nasi tukipita mbele yake na mizigo ya sikukuu. Yule mshairi wa Estonia alinyamazishwa kwa nguvu. Sisi tulimnyamazisha Mama kwa kutomuuliza, na kosa hilo naliandika kwa jina langu.

Kama una mzee, nakushauri tuliyojifunza siku ile. Usimuulize “historia”, maana neno hilo linawatisha. Muulize vitu: mlibeba nini, mlikula nini, nyumba ilikuwa na mlango upande gani. Mwache aseme lugha yake, tafsiri itafuata. Mwombe ruhusa kabla ya kurekodi, na usiirushe sauti yake kwenye kundi la ukoo bila idhini yake. Akichoka, acha, mrudi siku nyingine. Andika tarehe na majina ya waliotajwa, hata waliokufa wachanga. Nakala moja mpe ndugu mwingine, kwa sababu simu huibwa na huanguka kwenye maji. Na mwache mtoto ndiye aulize. Mimi mtu mzima sikuwahi kuuliza, mjukuu aliuliza akajibiwa.

Binti yangu aliandika kurasa tano badala ya mbili. Nusu ni Tengeru, nusu ni Engare Nanyuki. Kabla hajapeleka kwa mwalimu tulirudi King'ori Jumapili iliyofuata, akamsomea bibi yake yote, neno kwa neno. Mama alisikiliza amefumba macho, tukadhani amesinzia. Alipofika mahali pa yule ng'ombe, Mama akainua mkono.

“Futa hapo,” akasema. “Hakuwa mweusi. Alikuwa wa madoa.”